Mababu Zetu Walitoka Wapi?
Habari za koo za Upare, na jinsi ya kuzitafuta

Mwaka wa yubile ni mwaka wa kuhesabu. Twahesabu miaka ya makanisa yetu, na waalimu waliotutangulia, na watu waliobatizwa katika kila mtaa. Walakini nyuma ya hesabu hiyo iko nyingine iliyo ndefu zaidi, ambayo wazee wa Kisiwani, Gonja, Mbaga na Mamba huifanya kwa vidole: fulani alizaliwa na fulani, naye fulani alizaliwa na fulani, hata hesabu ifike kwa babu mmoja ambaye baba yake hatajwi. Hapo msimulizi husema neno moja tu: "Huyu alikuja." Alikuja kutoka wapi? Mmoja atasema Taita, wa pili atasema Ugweno, wa tatu atasema Usambara au Unguu. Na kama wote watatu ni watu wa ukoo mmoja, huo ndio mwanzo wa ubishi.

Jambo hili si la kupitisha jioni tu. Katika nchi ambayo shamba la mgomba na mfereji wa maji hurithiwa kwa ukoo, neno "alikuja" laweza kuwa heshima, nalo laweza kuwa silaha. Mtu akitaka kumnyima jirani haki yake, humwambia, "Ninyi ni watu wa kuja." Kwa hiyo yafaa tujue jinsi habari za mababu zinavyopimwa, na ni neno gani lenye nguvu na ni neno gani lililo dhaifu, kabla hatujaziandika na kuwaachia wana wetu.

1. Nchi na njia zake

Kisiwani iko chini ya milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, pale mlima unapokwisha na nyika ya Mkomazi inapoanza. Nyuma yake nchi hupanda mpaka kilele cha Shengena, chenye urefu wa meta 2,462. Mbele yake ni nyika kavu inayokwenda hata mpaka wa Kenya, na ng'ambo yake ni milima ya Taita. Zamani za misafara, watu watokao Pangani kwenda Taveta na Kilimanjaro walipita chini ya milima upande huu, kwa sababu mito ya mlimani iliwapa maji na wakulima wa mlimani waliwauzia chakula. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ilipita upande wa magharibi, kwa Makanya na Same, ndipo njia ya kale ikapoa.

Mahali palipokaa njiani kwa muda mrefu hivi hapawezi kuwa na watu wa asili moja. Na jina nalo lisitudanganye. Jina la Kisiwani, kwa masikio ya msemaji wa Kiswahili, ni jina la Kiswahili kabisa. Walakini jina la mahali si hati ya nasaba ya watu wakaao hapo. Msafiri aweza kupa mahali jina akaenda zake, nao wenyeji wakabaki na jina lake bila kuwa na tone la damu yake. Hata jina la Wapare lina habari ya namna hiyo. Wako wasemao kwamba lilitoka katika vinywa vya majirani wakati wa vita. Bali wenyewe wa milimani walijiita Vaasu, na lugha yao Chasu.

2. Ushahidi wa kinywa

Shahidi wa kwanza ni kinywa cha mzee. Aliyemsikiliza shahidi huyu kwa subira kuliko wengine ni mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye katika miaka ya 1960 alizunguka Upare akikusanya habari za koo, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya utawala wa Wapare tangu yapata mwaka 1500 mpaka 1900. Hakumsikiliza mzee mmoja akaridhika. Alilinganisha habari za ukoo na ukoo, za washindi na za walioshindwa, akahesabu vizazi ili apate kukadiria miaka.

Habari kubwa kupita zote katika kazi hiyo ni ile ya Ugweno. Zamani sana Ugweno uliongozwa na Washana, ukoo wa wahunzi, ambao chuma chao kilitafutwa hata Uchagani. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi, wakawapindua. Na Mranga, mwanawe Angovi, akaipanga nchi upya, na mabaraza yake na mafunzo ya vijana wake. Kimambo aliyaweka mabadiliko hayo yapata karne ya 16. Hata leo, mtu aitwaye Mshana na mtu aitwaye Msuya wanachukua katika majina yao kumbukumbu ya jambo lililotendeka miaka mia nne au zaidi iliyopita. Lakini tukitaka kulijua, tusimwulize mmoja tukamwacha mwenziwe; kwani mshindi hukumbuka haki yake, na aliyeshindwa hukumbuka alivyonyang'anywa, na ukweli hukaa katikati yao.

Jirani zetu wa Usambara watupa mfano mwingine, nao ni wa mtu mmoja. Mbega, babu wa Wakilindi waliotawala Vuga, husimuliwa kuwa alitoka Unguu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa ajili hiyo ndugu zake walimnyima urithi wakamfukuza. Akawa mwindaji wa nguruwe wa mwitu, akapanda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, nao wakamfanya mfalme wao. Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichochapwa na misheni ya Magila katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya kwanza ya karne ya 20, kisha kikachapwa tena mwaka 1962.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alimweka Mbega katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Maana yake ni kwamba Abdallah bin Hemedi aliandika zaidi ya miaka mia moja baada ya mtu mwenyewe kufa. Tena Feierman alionyesha kwamba habari hiyo imepangwa kwa maana: mtu wa mwitu anakuwa mtu wa mji, mwenye nyama anakutana na wenye chakula cha shamba, aliyefukuzwa kwao anapokewa ugenini. Kwa hiyo masimulizi hayo yatueleza kwa hakika jinsi Washambaa walivyoukubali ufalme na kuuheshimu. Hayatuelezi kwa hakika ile ile mahali alipozaliwa mtu mmoja. Hilo si kosa la wasimulizi. Walikuwa wakijibu swali lililo lao, "Kwa nini watutawala?", sisi twawauliza lingine.

3. Ushahidi wa lugha

Shahidi wa pili ni lugha, naye hasemi uongo kwa makusudi, kwani hajui kwamba anaulizwa. Mtu aweza kubadili jina la babu yake. Ni vigumu kubadili maneno yote ya kinywa chake.

Tazama kwanza milima yetu yenyewe. Watu wa mbali hutuita sote Wapare, lakini Kigweno cha kaskazini ni ndugu wa Kichaga, na Chasu ni lugha nyingine. Basi yeyote asemaye kwamba Wapare wote walishuka kwa babu mmoja, lugha zenyewe zampinga. Tulikuwa wengi kabla ya kuitwa kwa jina moja.

Mfano ulio wa ajabu zaidi ni wa Wambugu, ambao wengi wao hukaa Usambara, na ambao zamani walikaa Upare. Wazee wao husema kwamba walitoka mahali paitwapo Lukipia, ambapo wengi hupafikiri kuwa Laikipia ya Kenya, wakakimbia vita vya Wamasai. Habari hii ingeweza kudharauliwa kama masimulizi tu, lakini lugha yao yasimama upande wao. Wambugu wana namna mbili za kusema. Ya kwanza ni karibu sana na Chasu. Ya pili yafuata kanuni za sarufi ya Chasu, lakini maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi, jamaa ya lugha za watu wa kaskazini kama Wairaki. Mtaalamu Maarten Mous aliieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2003. Hapa twaona mambo mawili kwa mara moja: kwamba watu hao kweli wana mizizi ya mbali, na kwamba walikaa na Wapare muda mrefu hata wakaichukua lugha ya jirani zao, wasikubali kupoteza maneno ya mababu.

4. Ushahidi wa udongo

Shahidi wa tatu amelala chini ya majembe yetu. Mwaka 1967 mchimbaji wa mambo ya kale Robert Soper aliandika habari za vyungu vya kale alivyovipata kaskazini mashariki ya Tanzania, na Upare ya Kusini ikiwamo. Vingine ni vya namna iitwayo ya Kwale, kwa jina la mahali karibu na pwani ya Kenya, navyo ni vya yapata karne ya tatu baada ya Kristo: kazi ya wakulima waliojua kufua chuma. Vingine, vya karne nyingi baadaye, vilipewa jina la Maore, kwa ajili ya mahali petu pale Gonja. Baadaye Jonathan Walz alichimba Gonja Maore, akapata shanga na makombe ya bahari, vitu vilivyotoka pwani mamia ya miaka kabla ya misafara ya Waarabu na Waswahili tunayoisoma vitabuni.

Mwalimu awaonyeshe watoto hesabu hii. Nasaba iliyo ndefu sana katika koo zetu hupata labda vizazi 15 au 20, yaani miaka mia tano au sita. Vyungu vya Kwale ni vya zaidi ya miaka 1,600. Basi kabla ya babu wa kwanza tunayemtaja, watu walikuwa wamekwisha kukaa katika nchi hii, wakalima, wakapika, wakazika wafu wao, kwa muda ulio maradufu ya nasaba zetu zote. Majina yao hayamo katika hesabu ya mzee yeyote. Lakini haiwezekani kwamba wote walitoweka kama umande. Waliolewa, walioa, walihesabiwa katika koo za waliokuja. Yaani yule asemaye "babu yangu alikuja" ana babu mwingine, asiyemjua, ambaye alimkaribisha yule aliyekuja.

5. Ushahidi wa karatasi

Shahidi wa nne ni karatasi, na wengi humwamini kupita kiasi. Wamisionari wa mwanzo waliandika mengi. Jakob Dannholz, mmisionari Mlutheri aliyekaa Mbaga, alitoa kitabu cha desturi na imani za Wapare mwaka 1916. Madaftari ya ubatizo nayo ni hazina: humo mna jina la mtu, na la baba yake, na mara nyingi la mahali alipotoka. Parokia iliyoyaacha madaftari yake yaliwe na mchwa imewapoteza mababu mara ya pili.

Hata hivyo kila karatasi iliandikwa kwa kusudi. Baada ya Gavana Donald Cameron kuja Tanganyika mwaka 1925, serikali ya Kiingereza ilitaka kutawala kwa mikono ya watawala wa wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikayathibitisha mamlaka yao. Kuanzia hapo nasaba ya mtawala haikuwa masimulizi tu, bali ilikuwa cheo na mshahara. Haishangazi kama nasaba zilizoandikwa wakati ule zimenyooka kama kamba iliyovutwa. Utawala huo wa machifu uliondolewa mwaka 1963, lakini orodha zilizoandikwa kwa ajili yake hazikufutika.

Wala tusidhani kwamba watu wenye karatasi nyingi wameokoka na shida hii. Uingereza makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Katika karne iliyofuata watu wengi wa huko walivuka bahari kwenda Marekani, na wajukuu wao hata leo wanatafuta kijiji cha yule babu wa kwanza aliyevuka. Wengi hufika kwenye jina moja linalopatikana katika parokia tatu au nne, wasijue ni lipi lililo lao. Tamaa ikizidi subira, uongo huingia. Mtu mmoja, Gustave Anjou, aliyekufa mwaka 1942, alijipatia mali kwa kuwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kubuni, zenye mababu wa heshima. Na mpaka leo watafutaji hujikwaa katika maandiko yake. Basi ugonjwa wa kutaka babu mkubwa si wa Upare tu.

6. Wale wasiotajwa

Yako makundi mawili ambayo nasaba zetu huyapita kimya. La kwanza ni akina mama. Twahesabu baba kwa baba, na mwanamke aliyetoka ukoo mwingine, au nchi nyingine, hupotea baada ya vizazi viwili. Watu wa pwani wamelijua jambo hili kwa njia mpya. Masimulizi ya Kilwa yalisema tangu zamani kwamba watawala wao walitoka Shirazi ya Uajemi, na wataalamu wengi hawakusadiki. Mwaka 2023 ikatolewa habari ya uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya miji ya pwani, uliotazama vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini. Ikaonekana kwamba katika watu wengi waliozikwa humo kulikuwa na damu ya baba kutoka Uajemi, iliyoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Bali upande wa mama karibu wote ulikuwa wa Afrika. Masimulizi yalikuwa na ukweli, lakini ulikuwa nusu ya ukweli: waliwakumbuka baba waliokuja, wakawasahau mama waliokuwapo. Msomaji wa Injili ya Mathayo atakumbuka kwamba hata katika nasaba ile kuu limo jina la Ruthu, mwanamke Mmoabi, mtu wa kuja.

Kundi la pili ni wale walioletwa kwa nguvu. Kimweri, mfalme wa Vuga, alipokufa mwaka 1862, mwanawe Semboja, wa uzao wa yule Mbega, alijiimarisha Mazinde, kando ya njia ya misafara, akapata bunduki nyingi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na utekaji mpaka kufa kwake mwaka 1895. Watu walitekwa wakashushwa pwani. Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyohitaji watumwa. Katika nchi hizi za kaskazini mashariki watoto walitolewa rehani wakati wa njaa, wasikombolewe. Sotoka ikaua ng'ombe, na njaa kuu ya mwisho wa karne ikafuata. Wako waliotoka Upare wasirudi, na wako walioletwa wakapewa jina la ukoo wa mwenye nyumba. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu haikukomeshwa kwa sheria. Wajukuu walifundishwa kunyamaza. Kisha mashamba ya mkonge ya Makanya na Ndungu yakaleta watu wa kazi kutoka nchi za mbali, na wengine wao walibaki na kuoa hapa.

Mjukuu wa watu kama hao akiulizwa, "Babu yako alitoka wapi?", husema jina la ukoo uliomlea. Je, amesema uongo? Hapana. Ametaja mlango alioingilia. Jambo la aibu si kuwa mzao wa mtu aliyetekwa. Aibu ni ya aliyeteka. Na aibu nyingine ni ya mtu wa leo anayechimbua jambo hilo ili amwondoe mwenziwe shambani.

7. Basi tuandikeje?

Waalimu na wazee wanaotaka kuandika habari za koo katika mwaka huu, washike mambo machache. Kwanza, andika neno kama lilivyosemwa, na jina la aliyelisema, na mwaka. Pili, wakipingana wasimulizi wawili, ziandike habari zote mbili. Usizichanganye upate moja iliyo nzuri, kwani msomaji wa kesho aweza kuwa na shahidi ambaye wewe huna. Tatu, uliza majina ya mama na koo zao. Nne, yachunguze madaftari ya ubatizo, nayo yahifadhiwe pakavu. Tano, anayeokota kigae cha chungu au shanga ya kale akumbuke mahali alipokiokota, maana kitu kilichoondolewa mahali pake kimenyamazishwa. Na mwisho, mahali ambapo hesabu inakoma, iache ikome. Jina la kubuni lililowekwa juu ya nasaba ni kama jiwe bovu katika msingi: ukuta husimama, lakini si kwa muda mrefu.

Tukiwasikiliza mashahidi wote wanne, kinywa, lugha, udongo na karatasi, wanapatana katika neno moja. Hakuna ukoo wa Upare uliochipuka mwambani kama mche. Washana na Wasuya, Wambaga na Wambugu, wa Taita na wa Usambara, aliyekuja kwa kuwinda na aliyeletwa kwa kamba, wote walifika, na wote walipokewa na mtu aliyetangulia. Kwa hiyo neno "alikuja" lisitumike tena kumtenga mtu. Ni neno la kwanza katika habari ya kila mmoja wetu, na lifuatalo, ambalo wazee husahau kulitaja kwa kuwa ni la kila siku, ni "akapokewa." Anayeandika nasaba ya ukoo wake katika mwaka huu wa yubile na ayaandike maneno hayo mawili pamoja.